Rangi ya Nini? Mwongozo wa Kuitafuta Rangi Yako Ufipani

Nilikuwa darasa la tano mwalimu alipotutaka tuandike sentensi moja juu ya rangi tunayoipenda. Karibu nusu ya darasa tuliandika bluu. Kaptula na sketi zetu zilikuwa za bluu, na neno lenyewe lilikuwa jepesi kuandika. Jioni nilimkuta bibi uani anapepeta maharage, nikamuuliza yeye anapenda rangi gani.

"Rangi ya nini?" akauliza, ungo haukusimama.

Nilidhani hajanielewa. "Rangi tu, bibi. Yoyote."

"Rangi tu haipo, mjukuu wangu. Ipo rangi ya kitu." Akachota ukufi wa maharage, akayatandaza kiganjani. Yalikuwa kablanketi, yale ya zambarau iliyolala kwenye kijivu, yenye michirizi ya giza kama blanketi la siku nyingi. "Hii ndiyo yangu."

Mwongozo huu umetoka kwenye swali lile. Nimeuandika kwa ajili yako unayeishi Sumbawanga mjini, au Laela, Matai, Namanyere, au uliyeondoka Ufipa na bado unaibeba. Labda hujawahi kujiuliza rangi yako ni ipi. Labda una jambo la haraka: kamati ya harusi inangoja jibu, mlango mpya unangoja rangi, au umesimama mbele ya rundo la masweta ya mitumba na baridi ya Juni iko mlangoni. Kwa vyovyote, anza na swali la bibi.

Lugha inakuonyesha njia

Kiswahili kina vivumishi vya rangi vitatu tu vyenye shina lake: -eupe, -eusi na -ekundu. Vipime uone. Tunasema kiti cheusi, ukuta mweupe, gari jekundu, na neno linabadilika kufuata nomino. Ukishatoka hapo, lugha inakutuma kwenye vitu. Kijani kimetoka kwenye majani. Kijivu kimetoka jikoni, kwenye jivu. Manjano ni kiungo cha mchuzi kabla ya kuwa rangi, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda linalopaka ulimi, waridi ni ua. Samawati tumeipata kwa Waarabu, kwao ni mbingu. Rangi nyekundu iliyoiva hadi kukaribia weusi tunaiita damu ya mzee, na ngozi ya mtu tunaisema maji ya kunde. Hata bluu, tuliyoikopa kwa Waingereza, watu hawaiachi peke yake: utasikia bluu bahari.

Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walichapisha kitabu kilicholinganisha lugha 98. Waliona kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na nyeusi, nyeupe na nyekundu, zilezile tatu ambazo Kiswahili kimezipa mashina. Wapo wanaosoma habari hiyo wakaona kwamba lugha yetu ina upungufu wa rangi. Mimi naona inatulazimisha tuseme ukweli. Huwezi kutaja rangi nyingi kwa Kiswahili bila kutaja ulikoiona.

Na sayansi imemfikia bibi. Mwaka 2010 Stephen Palmer na Karen Schloss wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha utafiti uliofanywa hivi: kundi moja la watu lilipima linavyopenda rangi mbalimbali, kundi la pili likaorodhesha vitu vyenye rangi hizo, kundi la tatu likasema linavyovipenda vitu vyenyewe bila kuonyeshwa rangi. Majibu yalifuatana kwa karibu sana. Watu walipenda rangi za vitu walivyovipenda, wakazikataa rangi za vitu vilivyowakera.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya ni kuachana na zile orodha zinazosambazwa kwenye simu, kwamba mpenda nyekundu ana hasira, mpenda bluu ni mtulivu, mpenda njano ana wivu. Orodha hizo hazikujui. Mtoto mmoja wa Kirando anapenda bluu kwa sababu baba yake alikuwa akirudi kutoka ziwani asubuhi na mtumbwi wenye migebuka. Mwingine, nyumba ya tatu kutoka hapo, hataki kuiona, kwa sababu baba yake alikwenda kwenye bluu ileile na hakurudi. Orodha gani itawasoma hao wawili?

Vua kwanza rangi ulizovishwa

Kuna rangi tunazodhani ni zetu kumbe tulivishwa. Mpira ndio unaoongoza. Yanga ya mwaka 1935 ina kijani na njano, Simba ya mwaka 1936 ina nyekundu na nyeupe, na Sumbawanga kama kwingine nchini kuna nyumba ambazo mtoto amechaguliwa upande kabla hajaota meno. Schloss na Palmer waliligusa hili pia: wanafunzi wa Berkeley na wa Stanford walizipenda zaidi rangi za chuo chao kadiri walivyokipenda chuo. Hakuna ubaya hapo. Ni mapenzi kamili, ila ni mapenzi ya timu. Ukitaka kujua kama rangi ni yako, itoe kwenye jezi. Ungeipenda kwenye bakuli? Kwenye uzi wa kushonea? Kwenye ukuta utakaoutazama ukiwa mgonjwa?

Vyama vya siasa navyo vina rangi zao, na mwaka wa uchaguzi watu wengine huliacha kabatini shati fulani ili wasiulizwe maswali. Kama umewahi kufanya hivyo, irudie rangi ya shati hilo kwa utulivu. Huenda uliipenda tangu zamani ukaisalimisha bila kujua.

Kanisa ni habari ndefu zaidi kwa Ufipa, ambako Ukatoliki umekita mizizi tangu wamisionari walioitwa Mapadre Weupe, na waliitwa hivyo kwa ajili ya kanzu zao. Ukikulia kwenye ibada hiyo unakuwa na kalenda ya rangi kichwani bila kufundishwa: zambarau ya Majilio na Kwaresima, nyeupe ya Noeli na Pasaka, nyekundu ya Pentekoste na ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni, kijani cha Dominika nyingi za kawaida. Na waridi, inayoruhusiwa mara mbili tu kwa mwaka, Dominika ya tatu ya Majilio na ya nne ya Kwaresima. Namfahamu mama aliyependa waridi maisha yake yote, na alipoulizwa rangi ya nini alijibu moja kwa moja: ya siku ile katikati ya mfungo unapoona mwisho unakaribia. Huyo alivishwa rangi, akaifanya yake.

Nyeusi inahitaji neno la pekee kwetu. Jina la mji wetu huelezwa kuwa limetoka kwenye sumba wanga, yaani tupa uchawi, na kwa miaka mingi watu wa mikoa mingine wamelitumia jina hilo kututania na kutuumiza. Ndiyo maana nimekutana na vijana wa Sumbawanga wanaopenda nyeusi na wanaona aibu kusema, hasa wakiwa Dar es Salaam au Mwanza, kwa sababu watu hufikiria mara moja zile shuka za waganga: nyeusi, nyekundu, nyeupe. Nakuomba usione aibu. Nyeusi ni ya chungu kilichokaa motoni miaka, ya udongo wa bondeni uliolowa, ya mbuga iliyoungua ikisubiri kuchipua. Katika bendera ya taifa nyeusi inasimama kwa ajili yetu sisi wananchi.

Ipitie Ufipa mwaka mzima

Ukishavua, tembea. Ufipa ni mahali pazuri mno kwa kazi hii, na sababu ni rahisi: uwanda wetu wa juu, ulioinuka mita 1,800 hivi, una miti michache. Rangi ya nyasi ndiyo rangi ya nchi. Nyasi zikibadilika, kila kitu kinabadilika hadi upeo wa macho.

Anza Novemba, mvua zinapofungua. Usiandike "kijani" ukaridhika. Mahindi machanga ya Desemba yana kijani chenye njano ndani yake, kama yanapitisha mwanga. Ya Februari yamekolea, ukisimama katikati ya shamba unaona kivuli tu. Majani ya maharage juu ya matuta yaliyofukiwa nyasi ni kijani cha tatu, kikavu, kisichong'aa. Machi na Aprili alizeti inafungua, na huko kwenye mashamba makubwa jicho halina pa kukimbilia. Watu wengi wa Ufipa wakiulizwa watasema njano ya alizeti, na wana haki. Lakini itazame pia alizeti ya Mei, kichwa kimeinama, petali zimekauka, mbegu zimejaa. Ukiipenda zaidi hiyo, umejifunza jambo kuhusu nafsi yako.

Mei na Juni mabua yanakauka na nchi nzima inageuka rangi ambayo sijapata jina lake zuri kuliko rangi ya mabua. Julai asubuhi ukungu unashuka kutoka milima ya Mbizi na mji wa Sumbawanga unakuwa wa kijivu hadi saa tatu, saa nne. Agosti na Septemba moto unapita mbugani na kuacha weusi, na ndani ya siku chache, kabla hata tone la mvua, machipukizi yanatoka kwenye weusi huo. Nenda ukayaone kwa macho yako, picha ya simu inayaharibu. Kipindi hichohicho, ukiteremka kuelekea bonde la Rukwa au Ziwa Tanganyika, miti ya miombo inatoa majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba. Kwa wiki kadhaa mlima mzima unafanana na makaa, kisha unageuka kijani kama hakuna kilichotokea. Mgeni hudhani miti inakauka.

Nyekundu ya udongo iko mwaka mzima, lakini Oktoba ndiyo inakaa kwenye nywele, kope na kola za mashati. Ni nyekundu ya matofali pia. Simama karibu na tanuri la matofali usiku utazame kwenye tundu la moto, ukumbuke kwamba nchi hii ilikuwa ya wafua chuma. Wafipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, na kazi hiyo ilidumu hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Hawakuwa na kipimajoto. Chuma kinachoanza kuwaka ni chekundu cha giza, kikizidi joto kinakuwa cha chungwa, kisha njano, kisha kinaelekea weupe, na mhunzi hujua kwa rangi hiyo apige nyundo au asubiri. Kwa watu hao kuisoma rangi kulikuwa chakula cha nyumbani.

Halafu maziwa mawili, na hapa nakushauri usikose. Mashariki kuna Rukwa, ziwa la kina kifupi, maji yake yana tope na weupe wa magadi, na jioni linachukua rangi ya chai ya maziwa. Magharibi kuna Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi, maji maangavu. Panda gari Sumbawanga, pita Matai, teremka hadi Kasanga. Ukifika, usitazame mbali tu. Inama kwenye mawe. Kuna samaki wadogo wanaokula miani ya kwenye miamba, wataalamu wanawaita Tropheus, na wafuga samaki wa mapambo Ulaya na Marekani wanawajua vizuri kuliko sisi wenyewe. Samaki hao hawapendi kuvuka mchanga wala kina kirefu. Wanazaliwa na kufa kwenye miamba yao, na kwa hiyo karibu kila ufukwe wa mawe una samaki wa rangi yake: hapa mwenye mkanda wa njano, mbele kidogo mwekundu, ng'ambo ya ghuba mwenye mchanganyiko mwingine. Sijaona mfano bora wa jinsi mahali panavyoweza kumpa kiumbe rangi.

Mwanga kwanza, kisha pesa

Samaki wananipeleka kwenye jambo la matumizi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba katika Ziwa Viktoria, maji yanapochafuka, majike wa samaki wa jamii ya sato, ambayo Tropheus nao ni wake, wanashindwa kutofautisha rangi za madume, na aina zilizokuwa mbali zinaanza kuchanganyika. Rangi haionekani bila mwanga unaofaa, kwa samaki na kwa mnunuzi wa kitenge.

Niliwahi kununua kitenge kwa ajili ya mahari ya dada yangu, kwenye duka lenye taa nyeupe zinazowaka mchana kutwa. Ndani kilikuwa damu ya mzee, tulivu, cha heshima. Nilipokifungua nyumbani juani kilikuwa na upinki unaopiga kelele. Tangu siku hiyo sinunui nguo bila kuitoa nje hadi mlangoni. Muuzaji mwema hatakukataza. Itazame kivulini, kisha juani, kisha iweke chini ya kidevu umwombe uliyeongozana naye aseme inaufanyia nini uso wako. Jua la kwetu, kwa kimo hiki, ni kali hata siku ya baridi, na linapausha haraka. Ioshe nguo peke yake kwa maji baridi mara za kwanza, igeuze ndani nje, ianike kivulini.

Kwa harusi, kosa kubwa ni kuchagua kwa maneno. Kamati inakubaliana "pichi" au "maruni" kwenye kundi la WhatsApp, na kila mtu ana pichi yake kwenye kioo cha simu yake. Siku yenyewe meza ni za rangi moja, sare za akina mama nyingine, maua ya tatu. Kata kipande cha kitambaa, mpe mpambaji, mpe fundi, mpe mshona sare, vipande vya kitambaa kimoja. Fundi rangi wa nyumba naye mpelekee kitu: tofali, jani, punje. Kisha apake kiraka kwenye ukuta wenyewe, ukitazame asubuhi na jioni kabla hajaendelea, kwa sababu rangi ya maji ikikauka si ile iliyokuwa kwenye ndoo.

Neno moja kwa wazazi. Mtoto anayechanganya nyekundu na kijani si mjinga na hana ubishi. Upofu wa rangi huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana, mara nyingi kwa kurithi upande wa mama. Usimwadhibu, na usimwambie hawezi kuwa na rangi anayoipenda. Muulize anaona nini.

Ipe jina, uipe na sababu

Sasa andika. Chukua rangi moja iliyokurudia mara nyingi katika mwaka wako, uiandikie vitu vitatu ulivyoviona vikiwa nayo. Visiwe vya kubuni, viwe na mahali na majira. "Kijani" haitoshi. "Machipukizi kwenye mbuga iliyoungua, njia ya Kaengesa, Septemba" inatosha. Kama una mzee anayesema Kifipa, mwulize angeiitaje, na uandike neno lake kama anavyolitamka. Maneno ya namna hiyo yanaondoka na wazee.

Kisha jiulize rangi hiyo ilikufanyia nini. Hapa usiharakishe. Mimi nilimuuliza bibi swali hili miaka mingi baada ya siku ile ya ungo, nikiwa mtu mzima. Kwa nini kablanketi? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. Akasema, "Ndiyo tuliyouza, mama yako akasoma." Gunia baada ya gunia, hadi mnada, hadi mjini, kwa miguu na baadaye kwa lori. Kila alipoona zambarau ile kwenye kijivu aliona karo imelipwa.

Ukiipata sababu yako, rangi hiyo haihitaji kujaa nyumbani. Uzi mmoja kwenye pindo unatosha, au mlango wa nyuma, au sweta unayovaa siku ngumu. Na usishangae ikibadilika. Vitu tunavyovipenda vinaongezeka, vingine vinatuumiza, na rangi zinavifuata.

Kablanketi ikipikwa inapoteza rangi. Zambarau inatoka kwenye ganda, inaingia kwenye maji, na mchuzi unakuwa wa kahawia kama wa maharage mengine yoyote. Nami huweka ukufi mmoja kwenye chupa ya kioo, kwenye rafu isiyopigwa na jua, kwa sababu dirishani yanageuka hudhurungi. Hata huko gizani yanafifia polepole. Kila Julai, mavuno mapya yanapoingia sokoni, naichukua chupa naenda nayo, maharage ya zamani nayaunga jikoni, na mwenye genge ananiacha nichague punje moja moja.